Nomino Nyingi, Kitenzi Kimoja: Uhakiki wa Neno "Love" la Kiingereza na Mzizi -pend- wa Kiswahili katika Tafsiri

Ikisiri

Neno "love" la Kiingereza limezoeleka kufasiriwa kwa Kiswahili kwa nomino tatu: upendo, mapenzi na mahaba. Kutokana na hali hiyo, hutolewa dai kwamba Kiingereza ni maskini katika uwanja huu wa maana ilhali Kiswahili ni tajiri. Makala haya yanalihakiki dai hilo kwa kuchunguza historia ya neno lenyewe, unyambulishaji wa mzizi -pend-, na mifano kutoka Biblia, tamthilia za Shakespeare na riwaya ya Jane Austen. Hoja inayojengwa ni kwamba lugha hizi mbili hutofautiana zaidi katika mahali zinapoweka mpaka wa maana kuliko katika wingi wa maneno: Kiingereza huuweka katika kitenzi, Kiswahili huuweka katika nomino. Makala yanahitimisha kwamba kisawe cha "love" ni mzizi -pend- pamoja na vizalia vyake, na kwamba mfasiri anayeufuata mzizi huo hupata nafasi ambazo matini chasili yenyewe haina.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya tafsiri na semantiki ya Kiswahili, neno "love" hutumiwa mara kwa mara kama mfano wa upungufu wa Kiingereza. Hoja huenda hivi: Mwingereza hutumia neno lilelile kwa Mungu, kwa mama, kwa mchumba na kwa kikombe cha chai, wakati Mswahili ana upendo kwa jambo la kimaadili na kidini, mapenzi kwa wapendanao, na mahaba kwa hisia zilizokolea. Hoja hiyo inavutia kwa kuwa inaipa lugha ya Kiafrika heshima inayostahili. Hata hivyo, heshima iliyojengwa juu ya nusu ya ushahidi haidumu, na katika kazi ya tafsiri nusu hiyo ina gharama. Mfasiri anayeamini kwamba kila "love" ina nomino yake maalumu ya Kiswahili atalazimika kuamua mambo ambayo mwandishi aliyaacha wazi kwa makusudi.

Malalamiko kuhusu upana wa neno hili hayakuanzia kwa Waswahili. Katika kitabu chake The Four Loves cha mwaka 1960, C. S. Lewis alikigawa kinachoitwa "love" katika mafungu manne, akiyahusisha na maneno ya Kigiriki storge, philia, eros na agape. Wahakiki wengi waliomfuata wamelichukulia neno la Kiingereza kama gunia lililochanganya nafaka nne. Makala haya yanashika njia nyingine. Badala ya kuuliza "love" ina maana ngapi, yanauliza neno hilo linapata wapi mipaka yake ndani ya mfumo wa lugha yake, na ni wapi Kiswahili kinaiweka mipaka hiyo.

2.0 Mizizi Miwili Inayofanana

Kiingereza cha Kale kilikuwa na nomino "lufu" na kitenzi "lufian", ambavyo vimezaa "love" ya leo. Mzizi huo ni wa familia ya lugha za Kijerumani na una ndugu wengi: "lieb" na "Liebe" katika Kijerumani, na neno la zamani la Kiingereza "lief", lenye maana ya kitu kinachopendeza au kinachopendelewa. Nomino "leave" katika maana yake ya ruhusa na kitenzi "believe" vina asili hiyohiyo. Nje ya familia hiyo, wanaisimu huunganisha mzizi huu na "libet" ya Kilatini, yaani "inapendeza", na "libido", yaani tamaa. Kwa hiyo, hapo kale neno hili liligusa uwanja mpana: kupendeza, kuridhia, kuruhusu, kuamini na kutamani.

Mzizi -pend- unaonyesha uwanja unaokaribiana sana na huo. Kutokana nao tunapata pendo, upendo, mapenzi, mpenzi, kipenzi na mpendwa. Lakini pia pendeza, pendelea, upendeleo, pendekeza na pendekezo. Nomino mapenzi yenyewe ina maana mbili: hisia ya kupenda na matakwa. Katika Sala ya Bwana ya Biblia ya Kiswahili, neno mapenzi linasimamia matakwa ya Mungu, na hakuna msomaji anayelichukulia vinginevyo. Mapenzi ya Mungu, mapenzi ya mtawala na mapenzi ya mama kwa mwanawe hukaa katika umbo moja.

Tofauti iliyopo ni ya mwonekano. Katika Kiingereza, matawi ya mzizi huo yamekatika: mzungumzaji wa leo hahisi undugu kati ya "love", "leave" na "believe", kwa kuwa mabadiliko ya sauti yameuficha. Katika Kiswahili, matawi bado yako hai na yanaonekana. Mtoto anayejifunza lugha husikia pend- ndani ya pendekezo na ndani ya upendeleo. Frederick Johnson na wenzake waliitambua hali hii katika kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1939 kwa kuviweka vizalia chini ya kitenzi chao. Mpangilio huo, ambao baadaye ulionekana kumsumbua mtafutaji wa neno moja, unamfaa mfasiri wa "love" kuliko orodha ya visawe iliyotenganishwa kwa mkato.

3.0 Mpaka Uko Wapi?

Dai la umaskini wa Kiingereza hutegemea nomino peke yake. Hata hapo lina kasoro, kwa sababu Kiingereza kina "affection", "charity", "passion" na "devotion", maneno yaliyopitia Kifaransa na Kilatini, kama ambavyo Kiswahili kina mahaba, huba, ashiki na shauku kutoka Kiarabu. Lugha zote mbili zina mzizi wa kwao na tabaka la mkopo juu yake. Tukibaki na mizizi ya asili, ni kweli kwamba Kiingereza kina nomino moja ilhali Kiswahili kina pendo, upendo na mapenzi.

Mambo hugeuka tunapofika kwenye kitenzi. Kiingereza kina vitenzi viwili vinavyopingana, "like" na "love", na sehemu kubwa ya uzito wa "love" inatokana na kuwapo kwa "like" pembeni yake. Mtu anaweza kukiri la kwanza na kulikana la pili katika sentensi moja, na hadithi nzima ikajengwa juu ya mwachano huo. Kiswahili kina -penda. Kitenzi hiki hutumika kwa chai, kwa mtoto na kwa Mungu. Hutumika hata kwa adabu ya mawasiliano rasmi, kama katika "napenda kuwajulisha". Mswahili anayetaka kuonyesha tofauti ambayo Mwingereza huionyesha kwa vitenzi viwili husema: "Ninampenda, ila si kimapenzi." Kielezi hicho kimeundwa kutokana na nomino. Nomino inafanya kazi ambayo kitenzi hakiifanyi.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Nomino nyingi za Kiswahili haziwezi kutazamwa kama utajiri wa ziada. Zinafidia upana wa kitenzi. Vilevile, upana wa nomino ya Kiingereza haudhuru kwa sababu kitenzi chake kimekwisha kubanwa na "like". Kila lugha inabana upande mmoja na kuachia upande mwingine. Mfasiri anayelinganisha nomino kwa nomino analinganisha upande uliobanwa wa lugha moja na upande ulioachiwa wa lugha nyingine, kisha anashangaa kwamba havilingani.

Hata mgawanyo wa nomino zenyewe ni wa mwelekeo tu, haujawa sheria. Watu husema mapenzi ya mama kwa mwana na mapenzi kwa nchi bila kuhisi kosa. Shaaban Robert aliuita utungo wake Mapenzi Bora; kama mapenzi yangekuwa na maana ya wapendanao peke yao, kivumishi bora kisingebeba uzito kinaoubeba. Kwa upande wa mahaba na huba, tungo za kidini za pwani huelekeza maneno hayo kwa Mtume, kama ambavyo asili yao ya Kiarabu inavyoruhusu. Kinachotenganisha upendo na mapenzi kwa uthabiti zaidi ni umbo. Kiambishi ma- pamoja na kiishio -i, kama katika malezi, mazishi na matembezi, huelekeza kwenye tendo na mwendo wake; kiambishi u-, kama katika upole na uaminifu, huelekeza kwenye hali au sifa. Mapenzi hutendeka, huanza, hukolea na hupoa. Upendo ni hali inayodumu. Ndiyo maana methali husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki: kikohozi ni tukio linalomtoka mtu, na upendo usingekaa mahali hapo.

4.0 Ushahidi wa Biblia

Historia ya Biblia ya Kiingereza inaonyesha kwamba uchaguzi wa neno hili umewahi kuwa jambo la hatari. William Tyndale, katika Agano Jipya lake la mwaka 1526, aliifasiri agape kwa neno "love". Thomas More alimshambulia mwaka 1529 akidai kwamba neno hilo ni la kawaida mno, na kwamba Kanisa lilikuwa na neno lake, "charity", kutoka "caritas" ya Kilatini. Tyndale alijibu mwaka 1531. Nyuma ya mabishano hayo ya msamiati kulikuwa na swali la nani mwenye mamlaka juu ya maana: je, fadhila kuu ya Mkristo ni kitu ambacho Kanisa hukisimamia, au ni kitu ambacho kila mkulima anakijua kwa jina lake la nyumbani? Tafsiri ya mwaka 1611 iliweka "charity" katika sura ya 13 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Marekebisho ya mwaka 1881 yakarudisha "love".

Kiswahili hakikupitia mgogoro huo kwa namna hiyo, kwa kuwa upendo, lililochaguliwa katika sura hiyohiyo ya Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, linatokana na kitenzi cha kila siku. Neno la nyumbani na neno la ibada lilikuwa la mzizi mmoja. Katika sura ya 21 ya Injili ya Yohana, Yesu anapomuuliza Petro mara tatu kama anampenda, Kigiriki hubadilisha kati ya vitenzi agapao na phileo. Tafsiri ya 1611 hutumia "love" kote. Biblia ya Muungano hutumia -penda kote. Pale palipo kitenzi, lugha zote mbili zimeachia jambo lilelile.

Wimbo Ulio Bora ni ushahidi bora zaidi, kwa kuwa hapo nomino ndizo zinazohusika. Kiebrania kina neno ahava katika 2:7, panapokatazwa kuyachochea mapenzi kabla ya wakati wake, na pia katika 8:6, panapolinganishwa nguvu za hisia hiyo na nguvu za mauti. Kiingereza kina "love" katika aya zote mbili. Biblia ya Muungano ina mapenzi katika aya ya kwanza na upendo katika ya pili. Mgawanyo wa upendo wa kidini na mapenzi ya kimwili hauwezi kueleza uchaguzi huu, kwa sababu katika aya zote mbili wanaozungumziwa ni mwanamume na mwanamke wanaotamaniana. Umbo linaueleza. Kinachochochewa na kuamshwa ni mwendo, na ma- inaubeba. Kinachowekwa kwenye mizani pamoja na mauti ni hali isiyo na mwisho, na u- inaibeba. Wafasiri walisikiliza sarufi ya mzizi, wakapata tofauti ambayo Kiebrania na Kiingereza hazikuwapa.

Katika 1:2, kinyume chake, Kiebrania kina neno jingine, dodim, lenye maana ya matendo ya wapendanao. Kiingereza cha 1611 kinaendelea na "love", na tofauti inapotea. Biblia ya Muungano inaandika pambaja, yaani makumbatio. Hapa wafasiri waliuacha mzizi -pend- kabisa, na walifanya vyema: palipotajwa tendo la mikono, walitaja tendo la mikono. Vivyo hivyo katika majina ambayo wapendanao huitana. Mwanamume humwita mwenzake mpenzi, ambapo Kiingereza cha 1611 kina "my love". Mwanamke humwita mwenzake mpendwa, ambapo Kiingereza kina "my beloved". Kiingereza kinamfanya mwanamke kuwa hisia yenyewe. Kiswahili kinampa jina lenye umbo la mtenda, kama mlinzi kutokana na linda, ingawa matumizi yamelifanya jina hilo limhusu apendaye na apendwaye pia. Mwanamke wa Wimbo wa Kiswahili ana utendaji mkubwa zaidi katika sarufi kuliko yule wa Kiingereza.

5.0 Maneno Yaliyobana kwa Wakati

Ugumu mwingine unatokana na kubana kwa maana ndani ya Kiingereza chenyewe. Katika tamthilia ya Julius Caesar, Brutus anapowahutubia Warumi baada ya mauaji, huwaita kwa neno "lovers", akimaanisha marafiki. Katika The Merchant of Venice, Portia humtaja Antonio kwa neno hilohilo kama rafiki wa ndani wa mumewe, na Antonio mwenyewe, akidhani anakwenda kufa, hujitaja kama "love" ya Bassanio. Mwalimu Julius Nyerere alizifasiri tamthilia zote mbili: ya kwanza ilitoka mwaka 1963 na ikarekebishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule ilipotoka Mabepari wa Venisi. Anayezisoma, kuzifundisha au kuzifasiri upya anakutana na swali la ni neno gani la Kiswahili linaloweza kubeba urafiki wenye joto kiasi hicho.

Kiswahili kinatoa jibu la kuvutia kuhusu Brutus. Katika wingi, wapenzi limehifadhi upana wake wa zamani: mtangazaji huwaita wapenzi wasikilizaji, na timu ya mpira ina wapenzi wake. Brutus anaweza kuwaita Warumi wapenzi mbele ya hadhira bila kicheko. Katika umoja, hali ni tofauti. Mpenzi wa Bassanio ni jina litakalomfanya msomaji wa leo aamue jambo ambalo Shakespeare hakuliamua. Rafiki, kwa upande mwingine, linaamua kinyume na kuifanya kafara ya Antonio iwe baridi. Panapohitajika neno linaloacha mlango wazi, ushairi wa Kiswahili unalo: muhibu na mwandani yametumika kwa rafiki na kwa mpendwa pia, na kipenzi huonyesha thamani ya mtu bila kutaja aina ya uhusiano. Katika mazingira haya utajiri wa Kiswahili hauna budi kutafutwa katika maneno yanayokataa kugawanya. Orodha ya maneno yanayogawanya haimsaidii Antonio.

Hatari kubwa zaidi iko katika msemo "to make love". Katika riwaya ya Emma, iliyochapishwa mwaka 1815, Jane Austen anautumia msemo huo kwa Bwana Elton ndani ya gari la farasi anapomfunulia Emma moyo wake. Wakati huo msemo ulimaanisha kubembeleza na kuposa kwa maneno matamu. Maana ya tendo la ndoa ilitawala katika karne ya 20, na Kiswahili kimeipokea maana hiyo mpya kama kufanya mapenzi. Mfasiri atakayeandika kufanya mapenzi hapo atakuwa amemshtaki Bwana Elton kwa jambo ambalo hakulitenda, na kumvunjia Emma heshima ambayo riwaya nzima inaitegemea. Kumbembeleza, kumtongoza au kumfunulia mapenzi ni chaguo zinazolingana na wakati wa matini. Kosa kama hili haliwezi kuzuiwa na kamusi inayoorodhesha visawe bila historia.

6.0 King Lear: Pale Kiswahili Kinapozidi

Ikiwa kufuata mzizi kungesaidia kuepuka makosa tu, faida yake ingekuwa ndogo. Tamthilia ya King Lear, iliyochapishwa kwanza mwaka 1608, inaonyesha faida kubwa zaidi. Inaanza na Kent na Gloucester wakijadiliana ni yupi kati ya watawala wawili ambaye mfalme anampendelea. Kisha Lear anawataka binti zake watangaze kwa kiasi gani wanampenda, ili agawe ufalme kulingana na kipimo hicho. Goneril na Regan wanapima bila kikomo. Cordelia anajibu kwamba anampenda baba yake kadiri ya wajibu unaowafunga, si zaidi wala pungufu. Mfalme anauona ukweli huo kama ukaidi dhidi ya matakwa yake, na anamfukuza.

Katika Kiingereza, mambo matatu yanayoendesha onyesho hili yana majina matatu yasiyohusiana kwa sauti: upendeleo wa mfalme, upendo wa binti na matakwa ya mtawala. Mtazamaji huyaunganisha kwa akili. Katika Kiswahili, mambo hayohayo yanakaa juu ya mzizi mmoja: mfalme anapendelea, binti wanaulizwa kama wanapenda, na anayeasi mapenzi ya mfalme anapoteza mapenzi yake. Neno mapenzi, kwa maana zake mbili, linalitaja kosa la Lear bila maelezo: amedhani kwamba mapenzi kama hisia ya mwingine yanaweza kuamrishwa na mapenzi kama matakwa yake mwenyewe. Mfasiri atakayetenganisha kwa uangalifu, akaweka upendo kwa binti, matakwa kwa mfalme na ubaguzi kwa mgawanyo wa ardhi, atakuwa sahihi katika kila neno na atakuwa ameipoteza nafasi ambayo Kiswahili pekee kilikuwa kinampa.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba kulinganisha "love" na orodha ya nomino za Kiswahili ni kulinganisha vitu visivyo vya ngazi moja. Kiingereza kimebana kitenzi na kuachia nomino. Kiswahili kimeachia kitenzi na kugawa nomino kwa msaada wa ngeli. Kwa sababu hiyo, upendo na mapenzi hutengana kwanza kama hali na tendo, na mgawanyo wa dini na mwili hufuata nyuma kama mazoea ya matumizi. Mambo matatu yanajitokeza kwa ajili ya kazi ya baadaye. Kamusi za lugha mbili zingefaidika kwa kulieleza neno "love" kupitia familia ya -pend- pamoja na mifano ya ngeli na ya wakati. Ufundishaji wa tafsiri ungepaswa kuanza na swali la mahali ambapo kila lugha inaweka mpaka, kabla ya swali la kisawe. Na uhakiki wa tafsiri zilizopo ungezitendea haki zaidi kwa kuuliza kama mfasiri aliulinda utata ambao matini iliuhitaji. More na Tyndale waligombana juu ya neno moja kwa sababu walijua kwamba anayechagua nomino anachagua pia nani atakayekuwa na haki ya kuieleza. Mfasiri wa Kiswahili anachagua jambo hilohilo kila anapoandika upendo au mapenzi, na mzizi -pend- unamruhusu achague akiwa anaona matawi yote.